Petroli ya Ziada Mlimani: Jinsi Kompyuta ya Injini Inavyopima Mafuta Gari Linapolemewa

Injini ya petroli huchoma mafuta kwa kipimo. Ili kilo 1 ya petroli iungue yote, pasibaki mafuta wala oksijeni, huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa. Kipimo hicho cha 14.7 kwa 1 ndicho gari la kisasa hukishikilia sehemu kubwa ya safari: kwenye foleni ya mjini, kwenye mwendo wa wastani wa barabara kuu, na linaposimama likiwa limewashwa. Gari hilohilo likipakiwa abiria na mizigo, likaelekezwa mlimani na dereva akakanyaga mafuta mpaka mwisho, kipimo hubadilika. Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, huongeza petroli hadi kila kilo ya mafuta inabaki na hewa kilo 12.5 au 13 tu. Mchanganyiko wa namna hiyo huitwa mzito. Sehemu ya petroli yake haina hewa ya kuiunguza, na hutoka kwenye eksozi ikiwa imeungua nusunusu.

Ziada hiyo si kosa la hesabu. Imekusudiwa, na kazi zake ni mbili: kuipatia injini nguvu yote iliyomo ndani ya hewa iliyoingia, na kuipoza injini pale inapokaribia kuungua. Gharama yake hulipwa na mwenye gari kwenye kituo cha mafuta, na kila anayevuta hewa ya barabarani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya kompyuta hapa ni kujua ni lini ziada inahitajika, kiasi gani, na kwa muda gani.

Kwa nini mafuta yazidi

Dereva anapokanyaga mafuta mpaka mwisho, kilango cha hewa, yaani throtoli, huwa wazi kabisa. Hewa haiwezi tena kuongezeka, kwa hiyo kinachoweka mpaka wa nguvu ni oksijeni iliyokwisha kuingia. Lengo linakuwa kuitumia yote. Tatizo ni muda. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, pistoni hushuka kutoka juu hadi chini kwa milisekunde 7.5, muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndani ya muda huo petroli haiwezi kuenea sawasawa kila pembe ya silinda. Mafuta yakipimwa kwa idadi kamili, pembe moja itakuwa na ziada na nyingine itakuwa na oksijeni iliyokosa mwenza. Mwenye shughuli anayetaka kila mgeni ashibe hapimi wali kwa vichwa, huongeza sufuria. Injini nayo huongezewa petroli ili oksijeni yote ipate cha kuchoma.

Sababu ya pili ni joto. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji yanayopenya ukutani mwake hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Petroli hufanya vivyo hivyo. Kila kilo moja inayogeuka mvuke huchukua takribani kilojuli 350 za joto kutoka kwenye hewa na kuta inazogusa. Tena mafuta yasiyoungua yote hayatoi joto lake lote, na moto wa mchanganyiko mzito huwa na nyuzijoto za chini kuliko ule wa kipimo kamili.

Upozaji huo huokoa vitu viwili. Cha kwanza ni pistoni. Silinda ikiwa na joto na mgandamizo kupita kiasi, sehemu ya mchanganyiko ambayo moto wa plagi haujaifikia hulipuka yenyewe kwa ghafla. Hapo injini husikika ikigonga, mlio wa chuma mkavu kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Kugonga kukiendelea kwa nguvu, pistoni hutoboka. Cha pili ni vifaa vya njia ya moshi: valvu za kutolea moshi, turbo kama ipo, na masega, kile kifaa chenye vitundu kama vya nyuki kinachosafisha moshi. Mlimani moshi unaweza kupita nyuzi 900 za Selsiasi. Masega yakikaa kwenye joto la karibu nyuzi 1,000, madini yake ya thamani, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu, hujikusanya vidongevidonge na kupoteza uwezo wa kazi.

Malori ya dizeli hayamo katika habari hii. Injini ya dizeli hufanya kazi ikiwa na hewa ya ziada wakati wote, na kuiongezea mafuta kupita hewa iliyopo huleta moshi mweusi. Kompyuta yake, tofauti na ya petroli, huweka kikomo cha mafuta ili kuzuia moshi huo.

Kutoka kabureta hadi ramani ya namba

Hitaji hili ni la zamani kuliko kompyuta. Kabureta nyingi zilikuwa na valvu ya nguvu. Injini isipolemewa, mvuto wa hewa ndani ya manifodi, yaani njia ya kuingizia hewa kwenye silinda, huwa mkali na huibana valvu hiyo ikabaki imefungwa. Throtoli ikifunguka yote, mvuto hupungua, springi huisukuma valvu, na tundu la pili la petroli hufunguka. Kando yake kulikuwa na pampu ndogo iliyorusha mafuta dereva alipokanyaga ghafla. Hizo zilikuwa kazi mbili tofauti, na tofauti hiyo ipo hadi leo: kuna petroli ya kuongezea wakati wa kuchomoka, inayodumu kitambo kidogo tu, na kuna petroli ya mzigo mzito, inayoendelea kwa kadiri mzigo unavyoendelea.

Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta sokoni D-Jetronic kwenye gari la Volkswagen 1600. Mfumo huo ulipima shinikizo la hewa ndani ya manifodi na kufungua nozeli za kupuliza petroli kwa umeme. Mwaka 1973 ulifuata L-Jetronic, uliopima hewa yenyewe inavyopita. Katika mfumo huu, kwenye throtoli kulikuwa na swichi yenye migusano miwili: mmoja uligusana mguu ukiwa umetolewa kabisa, mwingine throtoli ilipokuwa karibu wazi yote. Mgusano huo wa pili ulipofunga, mafuta yaliongezwa kwa kiasi kilichopangwa kiwandani. Ilikuwa ndiyo au hapana, bila kujali injini imepata moto kiasi gani.

Mwaka 1979 Bosch ilitoa Motronic kwenye BMW 732i, na hapo kompyuta moja ilishika petroli na moto wa plagi kwa pamoja. Badala ya swichi, ndani ya kumbukumbu yake kulikuwa na jedwali la namba ambalo wahandisi huliita ramani. Safu za upande mmoja ni kasi ya injini, za upande mwingine ni mzigo, na kila kijisanduku kina namba ya kufuatwa. Kasi au mzigo ukiangukia katikati ya vijisanduku, kompyuta hukokotoa thamani iliyo kati yao. Magari mengi ya petroli ya leo yana mpango wa aina hiyo, ila ramani zake ni nyingi zaidi.

Hatua kwa hatua, kupanda Kitonga

Kazi hiyo huonekana vizuri kwa mfano. Gari dogo lenye injini ya lita 1.5 na silinda nne, limejaa abiria na mizigo buti zima, linapanda Mlima Kitonga mkoani Iringa, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya. Kona zinafuatana, mbele kuna lori linalokwenda kwa gia nzito, na dereva anapopata nafasi ya kulipita anakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Kwanza kompyuta hutambua nia ya dereva. Sensa ya pedeli na ya throtoli huipa taarifa kwa volti. Sensa ya krenki shafti huihesabia mizunguko ya injini. Kisha hupima hewa. Magari mengine yana waya mwembamba unaopashwa moto na umeme kwenye njia ya hewa: hewa nyingi huupoza zaidi, na umeme unaohitajika kuurudishia joto ndio kipimo cha hewa iliyopita. Mengine yana sensa ya shinikizo kwenye manifodi, na kompyuta hukadiria hewa kwa kutumia shinikizo hilo, joto la hewa na kasi ya injini.

Kwa hesabu ya kukadiria, kila silinda ya injini hiyo ina sentimita 375 za ujazo. Usawa wa bahari, throtoli ikiwa wazi, huvuta karibu gramu 0.4 za hewa kwa kila pumzi. Kadiri gari linavyopanda juu, hewa huwa nyepesi na pumzi hiyo hupungua. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, shinikizo la hewa ni kama asilimia 83 ya lile la Mombasa. Kompyuta hulihesabu hilo, vinginevyo ingemwaga mafuta kwa ajili ya hewa isiyokuwepo.

Baada ya hewa huja uamuzi. Kompyuta hutazama kama mzigo umevuka kizingiti kilichowekwa kwa kasi ile. Kizingiti cha kuingia huwekwa juu kidogo ya kile cha kutoka, ili mguu unaotetemeka kwenye barabara mbovu usiifanye iwe ikiwasha na kuzima ziada kila sekunde. Mzigo ukivuka, kipimo kinachotakiwa huhama kutoka 14.7 hadi, tuseme, 12.6.

Gramu 0.4 za hewa kwa kipimo cha 14.7 huhitaji miligramu 27 za petroli. Kwa kipimo cha 12.6 huhitaji karibu 32. Nozeli haina namna ya kupima uzito. Inachoweza ni kufunguka na kufunga. Kwa hiyo kompyuta hugeuza miligramu kuwa muda. Nozeli inayotoa sentimita 200 za ujazo kwa dakika ingekaa wazi milisekunde 11 kwa kiasi cha kwanza, na karibu 13 kwa cha pili. Juu ya hapo huongezwa takribani milisekunde 1 ya kufidia ucheleweshaji wa sindano ya nozeli kunyanyuka, na fidia hiyo huwa kubwa zaidi betri ikiwa dhaifu. Kwa mizunguko 4,000, kila silinda ina milisekunde 30 kati ya mpulizo mmoja na mwingine, hivyo nafasi ipo.

Miligramu 5 ni kidogo kuliko tone. Lakini injini hiyo huvuta pumzi 8,000 kwa dakika. Ziada hiyo pekee hufikia karibu mililita 50, sawa na vijiko kumi vya chai, kila dakika ambayo mguu umekaa chini. Ikiendelea hivyo saa nzima, zingekuwa lita 3 zilizoongezwa juu ya matumizi ambayo tayari ni makubwa.

Kompyuta inapotembea bila kusahihishwa

Katika safari ya kawaida kompyuta hujisahihisha kwa sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi. Bosch ilianza kuiweka sensa hiyo kwenye magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani mwaka 1976. Ndani yake mna kauri ya zirkonia inayotoa umeme kwa kulinganisha oksijeni ya moshi na ya hewa ya nje. Moshi wenye mafuta mengi hutoa karibu volti 0.9, na wenye oksijeni iliyobaki hutoa karibu volti 0.1. Kompyuta hupunguza na kuongeza petroli bila kukoma, na usomaji hupanda na kushuka kuzunguka 0.45.

Sensa hiyo hujua tu kama mafuta yamezidi au yamepungua. Haijui kwa kiasi gani. Kipimo kikiwa 13.5 au 12, jibu lake ni karibu lilelile la 0.9. Ndiyo maana, ziada ya mlimani inapoanza, kompyuta ya mfumo wa namna hii huacha kuisikiliza na kwenda kwa ramani peke yake. Hapo usahihi hutegemea yale iliyojifunza kabla, kwa kuwa magari mengi huhifadhi marekebisho ya muda mrefu yaliyoyapata kwenye mwendo wa kawaida na kuyatumia hata wakati huu. Waya wa kupima hewa ukiwa na vumbi na mafuta, kosa lake linaweza kupanda mlima pamoja na gari.

Katika miaka ya 1990 ilikuja sensa pana, inayoweza kueleza kipimo chenyewe kwa namba. Gari lenye sensa hiyo linaweza kuendelea kujisahihisha hata likiwa kwenye mchanganyiko mzito.

Masikio mengine ya kompyuta ni sensa ya kugonga, iliyofungwa kwenye bloku ya injini. Ikisikia mtetemo wa kugonga, hatua ya kwanza ni kuchelewesha moto wa plagi kwa nyuzi chache za mzunguko wa injini. Hatua hiyo huokoa pistoni lakini ina athari: mafuta huungua kwa kuchelewa, na moshi hutoka ukiwa wa moto zaidi. Joto la moshi nalo likizidi, hulazimu petroli ya kupoza. Hivyo petroli dhaifu, isiyovumilia mgandamizo, humfanya dereva atumie petroli nyingi zaidi mlimani.

Magari mengi hayana kipimajoto kwenye masega. Kompyuta hulikadiria joto hilo kwa hesabu inayozingatia hewa inayopita, wakati wa moto wa plagi na mwendo wa gari. Chuma huchukua muda kupata moto. Kulipita lori kwa sekunde tano hakuyachomi masega, bali kukanyaga mafuta dakika nzima kunaweza. Kwa hiyo kompyuta nyingi hugawa ziada mara mbili: sehemu ndogo ya nguvu huja mara moja, na sehemu ya ulinzi huongezwa taratibu kadiri joto lililokadiriwa linavyokaribia mpaka. Gari likimaliza kilima na mguu ukanyanyuka, nozeli zinaweza hata kufungwa kabisa kwa muda, kisha sensa ya oksijeni hupokelewa tena kazini.

Gharama na sheria

Masega husafisha gesi tatu kwa pamoja: kaboni monoksidi, mabaki ya petroli na oksidi za nitrojeni. Huweza hivyo pale tu mchanganyiko unapokuwa karibu sana na 14.7. Kwenye mchanganyiko wa 12.5 hakuna oksijeni ya kutosha kuunguza mabaki, na karibu asilimia 5 ya moshi unaotoka kwenye injini huwa kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu.

Kwa miaka mingi sheria haikuliona jambo hili. Nchini Marekani, kipimo cha maabara kilichotumika tangu miaka ya 1970 kiliiga mwendo wa taratibu wa mjini, na kasi yake ya juu ilikuwa kilomita 91 kwa saa. Magari hayakulemewa kiasi cha kuamsha ziada. Mwaka 1995 serikali ya nchi hiyo ilifikia makubaliano na kampuni ya General Motors kuhusu magari ya Cadillac yapatayo 470,000 ya modeli za 1991 hadi 1995. Serikali ilidai kwamba kompyuta zake ziliongeza petroli kila kiyoyozi kilipowashwa, ili injini isizime kwa kulemewa, na kwamba kaboni monoksidi ilipanda hadi gramu 10 kwa maili ilhali kiwango kilikuwa 3.4. Vipimo rasmi vilifanywa kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Makubaliano hayo, pamoja na gharama ya kuyaita magari yarekebishwe, yalifikia takribani dola milioni 45.

Mwaka uliofuata, Marekani ilipitisha vipimo vya nyongeza: kimoja chenye kiyoyozi, na kingine cha mwendo mkali unaofika kilomita 129 kwa saa. Ulaya ilianza mwaka 2017 kupima magari barabarani yakiwa na kifaa cha kunasa moshi nyuma. Tangu hapo watengenezaji wamesukumwa kutafuta njia za kupoza injini bila kutumia petroli kama maji ya kupozea.

Njia hizo zipo. Nozeli inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda huipoza hewa palepale panapohitajika, hivyo ziada huwa ndogo. Katika injini nyingi mpya, njia za moshi zimechongwa ndani ya kichwa cha injini na kuzungukwa na maji ya rejeta, ili moshi upungue joto kabla ya kufika kwenye turbo. Maji pia hupulizwa pamoja na hewa: Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962 ilichukua tangi dogo la maji na methanoli kuzuia kugonga, na BMW M4 GTS, iliyotangazwa mwaka 2015, ilipuliza maji matupu. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke huondoa joto zaidi ya mara sita ya kilo moja ya petroli.

Amri inapotoka na petroli isifike

Kompyuta huamuru, lakini mafuta huletwa na pampu. Kichujio cha mafuta kikiziba, pampu ikichoka au nozeli zikijaa uchafu, gari linaweza kutembea vizuri mjini kwa wiki kadhaa, kwa sababu huko linahitaji petroli kidogo na sensa ya oksijeni hufidia upungufu. Tatizo hujitokeza mlimani, pale mahitaji yanapofika kilele na fidia haipo. Gari hukosa nguvu, hustuka au kumisi, wakati mwingine hugonga. Hatari yake ni kubwa kuliko ya mafuta kuzidi, maana mchanganyiko mwepesi kwenye mzigo mzito huchoma valvu na pistoni.

Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta hulithibitisha kwa kupima gari likiwa linapanda, si likiwa limesimama gereji. Throtoli ikiwa wazi yote, sensa ya kawaida ya oksijeni inapaswa kutulia juu ya volti 0.8. Ikianguka kuelekea 0.1 mguu ukiwa bado chini, petroli iliyoagizwa haifiki. Marekebisho ya muda mrefu yakiwa yamepanda sana, au kodi P0171 ya mchanganyiko mwepesi ikiwa imehifadhiwa, uchunguzi huanza kwenye shinikizo la mafuta, kichujio na sensa ya hewa kabla ya mtu kununua kompyuta nyingine.

Kinyume chake, moshi mweusi, harufu ya petroli na plagi zenye masizi kwenye gari lisilolemewa ni dalili kwamba ziada inaingia mahali isipotakiwa. Chanzo huweza kuwa nozeli inayovuja, sensa ya joto la maji inayosema injini ni baridi wakati wote, au ramani iliyobadilishwa na mtu aliyetafuta nguvu bila kupima. Gari lililo salama ni lile ambalo petroli ya ziada huonekana mlimani tu, na hutoweka mlima unapoisha.